Jina la Uislamu Mtandaoni Liliamuliwa Bila Sisi: Vijana wa Visiwani Waingilie Wapi?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Ndugu zetu katika imani, tarehe 30 Aprili 2026 ndiyo iliyopangwa kufunguliwa tena dirisha la kuomba mikia mipya ya anuani za intaneti. Mkia tunaousema ni lile neno linalokuja baada ya nukta ya mwisho, kama vile .com, .org au .tz ya kwetu. Mwenye kutaka mkia wake mwenyewe atalipa dola 227,000 za Marekani kwa ombi moja, na ombi linapelekwa kwa ICANN, shirika lisilo la biashara lililoundwa mwaka 1998 huko California, ambalo ndilo linalotunza daftari kuu la majina ya intaneti duniani. Hatujasikia habari hii ikitajwa kwenye baraza yoyote ya Unguja wala Pemba. Pengine mtu atasema, sisi na dola 227,000 wapi na wapi? Lakini kabla ya kulipuuza jambo hili, tukumbushane yaliyotokea dirisha kama hili lilipofunguliwa mara ya mwisho, mwaka 2012.

Mwaka huo kampuni moja ya Uturuki iitwayo Asia Green IT System iliomba mikia ya .islam na .halal. Kampuni ya watu binafsi ilitaka kuwa mtunzaji wa jina la dini ya watu zaidi ya bilioni moja na nusu. Kila mwenye kutaka anuani inayoishia na .islam angepitia kwao, na kila mfanyabiashara mwenye kutaka anuani ya .halal angelipia kwao, awe muuza nyama wa Malaysia, mwenye hoteli wa Nungwi au msafirishaji wa viungo kutoka Pemba. Kampuni yenyewe ilisema nia yake ni kuwahudumia Waislamu na kwamba ina barua za kuungwa mkono. Hatuna haja ya kuwadhania vibaya. Swali letu ni jingine: nani ana haki ya kusema ndiyo au hapana juu ya jambo kama hilo?

Umoja wa Falme za Kiarabu na India walitoa onyo la mapema mwaka huo huo kupitia kamati ya serikali iliyo ndani ya ICANN. Imarati wakaenda mbele zaidi wakafungua pingamizi rasmi. Oktoba 2013 mtaalamu aliyepewa kuliamua pingamizi hilo akalitupa, akiona kuwa Imarati hawakuthibitisha kwamba umma wa Kiislamu unalipinga kwa wingi, wala kwamba madhara yangetokea. Hapo tusimame kidogo. Umma mzima, kwa mujibu wa makaratasi yaliyofika mezani, haukuonekana kuwa na neno kubwa la kusema. Misikiti ilikuwa imejaa kila Ijumaa, lakini mezani hapakuwa na barua za kutosha.

Barua zilikuja baadaye. Novemba 2013 Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, iliandika kwamba haikubali majina hayo yawe chini ya kampuni moja, na mwezi uliofuata mawaziri wa mambo ya nje wa nchi wanachama, walipokutana Conakry, Guinea, wakaliunga mkono hilo kwa azimio. Mwaka 2014 ICANN ikasema haitaendelea na maombi yale mpaka pande mbili zipatane. Kampuni haikukubali kuwekwa njiani bila jibu, ikadai uchunguzi huru, na mwaka 2017 wachunguzi wakasema kuliacha jambo likining'inia bila uamuzi hakukuwa sawa na kanuni za ICANN zenyewe. Mwisho wake, tarehe 3 Oktoba 2018, bodi ya ICANN ikaamua kwamba maombi ya .islam na .halal hayataendelea. Yalichukua miaka sita.

Wazee wetu watakuwa wamekwishafika mahali tunapotaka kufika. Zanzibar ilijiunga na OIC Desemba 1992, na Agosti 1993 ikatoka, baada ya mzozo mkubwa wa Muungano ambao hatutaki kuufukua hapa. Tanzania yenyewe si mwanachama. Kwa hiyo OIC iliposimama kulisemea jina la Uislamu, Comoro walikuwa na kiti, Uganda na Msumbiji nao walikuwa na viti. Sisi wa Unguja na Pemba, ambao karibu nyumba zetu zote ni za Kiislamu, hatukuwa na kiti humo. Tulisemewa na majirani.

Ila lipo jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo lililotufanya tuandike. Katika uendeshaji wa intaneti, kiti cha serikali ni kimoja tu kati ya vingi. Milango mingine haiulizi nchi yako ni mwanachama wa jumuiya gani. Inauliza kama umesoma waraka na kama una la kusema.

Meza zenyewe ni zipi

Watu wengi wakisikia "wenye intaneti" hufikiri ni Google, au Marekani, au kampuni ya simu iliyomkatia bando. Ukweli ni kwamba haina mwenyewe mmoja. Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Tunis mwaka 2005 ulikubali kuwa intaneti iendeshwe na serikali, makampuni binafsi na asasi za raia, kila mmoja kwa nafasi yake. Kutoka hapo likazaliwa Jukwaa la Utawala wa Intaneti, IGF, lililokutana mara ya kwanza Athens mwaka 2006. Nairobi ililipokea mwaka 2011, Addis Ababa 2022, na Desemba 2024 likafanyika Riyadh, Saudi Arabia. Jukwaa hilo halipitishi sheria. Huko watu huzungumza, na mazungumzo yale baadaye huonekana ndani ya sheria za nchi.

ICANN tumekwishaitaja. Mikutano yake kwa kawaida hufanyika mara tatu kwa mwaka, kujiandikisha ni bure, na unaweza kuifuatilia na kuuliza swali ukiwa nyumbani. Juni 2024 ilikuwa Kigali. Na hapa kuna faida ambayo vijana wetu hawajaizingatia: tafsiri katika vikao vyake vikuu hutolewa kwa lugha za Umoja wa Mataifa, na Kiarabu ni mojawapo. Kijana aliyemaliza chuo cha Kiislamu, ambaye Kiingereza chake kinasuasua lakini Kiarabu amekisoma vizuri, anaweza kukaa akafuata mjadala kuliko mwenzake wa skuli ya Kiingereza. Tumezoea kuwaona hawa kama watu wa kusomesha na kusalisha tu. Waarabu wenyewe hawakusubiri waletewe: wahandisi wao na wataalamu wa lugha walikaa kupanga herufi zao zitumike vipi katika majina ya mtandao, na Mei 2010 mikia ya kwanza iliyoandikwa kwa Kiarabu, ya Misri, Saudi Arabia na Imarati, ikaanza kufanya kazi.

Meza ya tatu iko karibu zaidi nasi, kwenye kisiwa kama chetu. AFRINIC, iliyoko Mauritius, ndiyo inayogawa namba za intaneti kwa Afrika nzima tangu mwaka 2005. Bila ya namba hizo kompyuta haziwezi kutambuana, na zile za aina ya zamani zimebaki chache. Kampuni moja mwanachama ilikuwa na namba zaidi ya milioni sita, ukazuka ugomvi juu ya matumizi yake nje ya Afrika, kesi zikafunguliwa mfululizo, akaunti za AFRINIC zikazuiwa na mahakama mwaka 2021, na mwaka 2023 ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Uchaguzi wa bodi wa Juni 2025 ukafutwa kwa sababu ya mzozo wa hati za uwakilishi wa kura. Ulirudiwa Septemba. Miaka yote hiyo, mlango wa kutunga sera zake ulibaki wazi kwa mtu yeyote mwenye barua pepe, si lazima awe mwanachama. Ni Waafrika wachache sana waliokuwa wakiandika.

Mambo haya yanafanana sana na kamati ya msikiti. Kikao kinatangazwa baada ya Isha, wanabaki watu saba, wengine wana haraka ya kwenda kula. Wiki ya pili watu wanakuja juu: nani kachagua zulia hili? Aliyechagua ni yule aliyebaki.

Na hapa kwetu?

Kijana wa Mwanakwerekwe anaweza kutwambia kuwa habari za California na Mauritius ni mbali, yeye shida yake ni ya hapa hapa. Ni kweli, na hapa hapa ndipo panapohitaji maarifa zaidi, kwa sababu ya muundo wa nchi yetu. Posta na simu ni katika mambo ya Muungano. Maana yake, kanuni za maudhui ya mtandaoni, leseni za kampuni za simu na maagizo ya kufunga au kufungua mtandao hayapiti Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi. Yanapita Dodoma na Dar es Salaam, kwa Waziri wa Muungano na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo ina ofisi yake hapa Zanzibar. Tumewaona vijana wenye hoja nzuri wakipeleka malalamiko kwa mwakilishi wao wa jimbo, na mwakilishi naye, kwa adabu, akiwaambia atalifikisha. Hawezi kulifanya. Wa kumbana kwa hilo ni mbunge.

Lakini si kila kitu ni cha Muungano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, inatumika Zanzibar pia, isipokuwa kwa mambo yasiyo ya Muungano. Sasa hebu tujiulize: matibabu ya hospitali si jambo la Muungano. Skuli za msingi na sekondari si jambo la Muungano. Kitambulisho cha Mzanzibari nacho kina daftari lake la Zanzibar. Taarifa za mama aliyejifungua Mnazi Mmoja, za mtoto aliyeandikishwa skuli ya Wete, zikiwekwa kwenye kompyuta, zilindwe na nini, na akizivujisha mtu ashitakiwe wapi? Hilo ndilo swali la kupeleka Chukwani, na ni swali la kisharia kabla halijawa la kiserikali, kwani Suratul Hujurat imekataza kupelelezana, na sitara ya nyumba ni katika mambo ambayo dini yetu haikuyafanyia mzaha. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu wanaweza kuliandikia waraka wa kurasa nne ukasomwa na wawakilishi. Kurasa nne zinatosha.

Tuje kwenye jambo zito. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatika nchini, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Hatuandiki haya kwa ajili ya chama chochote, na aliyekuja kutafuta siasa hiyo hapa hataipata. Tunasema tu kwamba katika siku zile wazazi wenye watoto wanaosoma Dar es Salaam, na walio na jamaa Maskati na Dubai ambao mawasiliano yao yote ni ya WhatsApp, walikaa bila ya kujua mtu wao yuko hai au la. Kabla ya hapo, Mei 2025, mtandao wa X ulifungwa, na maelezo ya serikali yalikuwa kwamba unaruhusu picha za uchafu. Ni kweli unaruhusu, wenyewe wameliandika hilo katika masharti yao tangu mwaka 2024.

Hapa Waislamu tumegawanyika, na tusifichane. Wapo waliosema alhamdulillahi, umefungwa mlango wa zinaa. Wapo waliosema darsa za masheikh waliokuwa wakiwafuata nazo zimefungwa pamoja nao, na vijana wenye kutaka uchafu wamepita njia za panya. Sisi tunaona wote wana sehemu ya haki. Uchafu hatuutetei. Lakini kuondosha uovu katika fiqhi yetu kuna masharti yake, na moja ni kutazama kama hatua inayochukuliwa italeta madhara makubwa kuliko yale yanayoondoshwa. Kupima huko hufanywa na watu wanaojua pande zote mbili, yaani wanaojua dini na wanaojua mtandao unavyofanya kazi: kipi kinaweza kuchujwa peke yake, na kipi ukikifunga unafunga na cha jirani. Wangapi tunao visiwani wenye elimu zote mbili? Mkitaja watano tutafurahi.

Tukumbuke pia kwamba mtandao hukatika hata bila ya amri ya mtu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa katika nchi zilizoumia zaidi. Sisi watu wa visiwa tunajua maana ya kutegemea kitu kinachopita chini ya bahari. Mikongo mingapi itufikie, ipite wapi, na ikikatika nani apewe kwanza kilichobaki, hospitali au mahoteli, ni maamuzi ya watu.

Kijana aanzie wapi

Kwanza tuondoe hofu ya wazazi, maana kijana wa kike wa Micheweni au Makunduchi hatakwenda popote kama baba na mama hawajaridhia, na wana haki ya kuuliza. Sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika kwa kuandika na kusikiliza, nyumbani, kwa simu au kompyuta ndogo. Haihitaji safari ya peke yake wala mchanganyiko usiofaa. Baadaye, ikiwa atapata ufadhili wa kusafiri, hayo yatazungumzwa kwa masharti yake na familia yake. Mpango mmoja wa ICANN ni wa wanafunzi wa vyuo wenye umri wa miaka 18 hadi 30, na upo mwingine wa ufadhili usiobagua fani: mwanasheria, mwalimu, mhandisi. Mafunzo yake ya mwanzo yapo bure mtandaoni. Ipo pia skuli ya Afrika ya utawala wa intaneti, AfriSIG, inayoendeshwa tangu mwaka 2013. Na kwa ngazi ya nchi, lipo tawi la Tanzania la Internet Society, linalopokea wanachama wa kawaida.

Kazi iliyo karibu zaidi haina safari wala ufadhili. TCRA na Wizara huita maoni ya wadau pale kanuni zinapoandikwa au kurekebishwa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Kurasa ngapi za darsa na habari za Kiislamu zilizokuwa zikiendeshwa na kijana mmoja kwa simu yake zingeweza fedha hizo? Wenzetu wa asasi na vyombo vya habari walikwenda Mahakama Kuu ya Mtwara Mei 2018 wakapata zuio la muda, ingawa halikudumu. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena 2022. Hatukuona taasisi zetu za Kiislamu za visiwani zikisikika katika mizunguko hiyo. Lipo na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa na sheria hiyo hiyo ya 2003 iliyoiunda TCRA, kwa ajili ya watu wa kawaida kama sisi. Hapo ndipo pa kupeleka matangazo ya kamari yanayoingia kwenye simu za watoto, na bando linalomalizika usiku mtu amelala. Barua ya jumuiya ya vijana yenye saini, tarehe na maelezo ya kilichotokea ina uzito kuliko sauti mia za WhatsApp.

Kuna watakaouliza kama hii ni katika kutafuta ukubwa, na ukubwa tumekatazwa kuukimbilia. Ni swali jema. Wanavyuoni wamelizungumza sana katika kisa cha Nabii Yusuf (alayhis salaam), alipoomba kupewa usimamizi wa hazina kwa kuwa alikuwa na elimu na uaminifu wa kazi hiyo. Hatutoi fatwa hapa, hilo tunawaachia masheikh wetu. Rai yetu ni kuwa mambo haya yana sura ya fardhi kifaya: wakiyasimamia baadhi yanawatosheleza wengine, na asiposimama yeyote lawama ni ya wote.

Tumewauliza walimu wa vyuo viwili vya Qur'ani, kimoja cha Mjini na kimoja cha Chake Chake, kama wangekubali kutoa saa moja ya Jumamosi kwa vijana wao wakubwa kusoma waraka mmoja wa sera kila mwezi kwa Kiswahili. Wote wamekubali, kwa sharti kwamba darsa ya asubuhi isiguswe. Waraka wa kwanza utakuwa ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa kuwa ipo kwa Kiswahili na inagusa kila nyumba. Mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne, ambaye yuko tayari kusoma na kuandika bila ya malipo, amwambie mwalimu wake wa chuoni.

Wabillahi tawfiq.